Maji yaliyobaki kwenye paipu yalinitia aibu Marekani

WAHENGA walinena kuwa mganga hajigangi. Walisahau kuongeza kwamba mganga huyo huyo anaweza kumpotosha mwanawe wa kumzaa, tena kwa simu, kutoka umbali wa maelfu ya kilomita, huku akijiona stadi asiye na mfano.

Mimi ni fundi wa mifereji. Nasema "ni" ingawa nilistaafu zamani, kwa maana kazi ya mikono haimtoki mtu. Kwa miaka 31 nilifunga na kufungua paipu katika mji wa Nyahururu na vitongoji vyake. Kwa wasioujua mji huo, uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake si ya mchezo. Huko Nyandarua kuna asubuhi za Januari ambapo mkulima huamka akakuta majani ya viazi yamekuwa meusi ti, kama yaliyomwagiwa maji moto, kumbe ni umande ulioganda usiku. Kwa hivyo mtu akinizungumzia baridi, mimi huitikia kwa kichwa tu kama mtu anayesimuliwa habari za nyumbani kwake.

Kifungua mimba wangu anaishi Marekani, katika jimbo la Minnesota, karibu na jiji la Minneapolis, ambako Wakenya si haba. Ni muuguzi. Kwa kuwa alipewa jina la marehemu baba yangu, kama ilivyo desturi yetu, mimi humwita Baba. Naye, bila shaka, huniita Baba. Wajukuu wangu hucheka sana wakitusikia tukiitana hivyo kwenye simu, kila mmoja Baba wa mwenzake.

Mwaka 2023 kijana huyo alinunua nyumba ya magurudumu. Wamarekani huiita RV. Yake ni trela ya kuvutwa na gari, yenye urefu wa futi 24, na iliwahi kutumiwa na watu wengine kabla yake. Aliponitumia picha nilishangaa. Ndani mna vitanda, jiko la gesi, friji, sinki mbili, bafu na choo cha kupiga maji. Chini ya kitanda mna tangi la maji safi la lita 150 hivi, na chini ya sakafu matangi mawili ya maji machafu, moja la sinki na bafu, jingine la choo. Pampu ndogo ya umeme wa betri husukuma maji mpaka mifereji yote. Ni nyumba kamili iliyoshindiliwa katika nafasi ya matatu. Minnesota ina maziwa zaidi ya 10,000, na watu wa huko, majira ya joto yakifika, hukokota nyumba hizo wakalale ufuoni na watoto wao.

Oktoba ya mwaka huo alinipigia simu.

"Baba, majira ya baridi yanakaribia. Jirani yangu ananiambia ninunue dawa fulani ya rangi ya waridi niipitishe kwenye paipu zote za trela, ati maji yasije yakaganda yakazipasua. Wewe waonaje?"

Hapo ndipo nilipoteleza. Nilicheka kwanza. Nikamwambia Wazungu wanapenda kuuziwa dawa ya kila kitu. Nikamwambia afungue koki ya tangi, afungue mifereji yote, aache maji yatoke mpaka tone la mwisho, basi, kazi imekwisha. "Maji yasiyo na presha hayana nguvu," nilimwambia. Nakumbuka maneno hayo neno kwa neno kwa sababu nilijipongeza moyoni kwa kuyatamka.

Alinisikiliza. Huyu ni mtoto aliyekuwa akinishikia tochi chini ya masinki ya watu tangu akiwa darasa la tatu. Angekosaje kunisikiliza?

Septemba 2024 nilipata viza nikaenda kuwaona. Nilipokewa vizuri mno, na mkaza mwanangu alinipikia ugali na sukuma wiki jioni ile ile niliyofika, nikasahau uchovu wa ndege. Tulikuwa bado mezani mjukuu wangu wa miaka minane aliponitazama kwa makini, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika vunjika:

"Guka, ni wewe uliharibu maji ya nyumba yetu ya kempi?"

Mama yake alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Nilimtazama mwanangu. Alikuwa akitazama sahani yake.

"Msamehe, Baba, ni mtoto," akasema mkaza mwanangu.

Nilijua papo hapo kwamba mtoto hakuwa amekosea lolote.

Baada ya chakula mwanangu alinichukua hadi gereji. Kutoka rafuni aliteremsha boksi la viatu. Ndani mlikuwa na pampu, ile pampu ndogo ya trela, kichwa chake cha plastiki kimepasuka upande hadi upande kama muhogo uliochemka ukaiva. Kando yake palikuwa na koki ya choo iliyovunjika shingo, na kipande cha mfereji wa jikoni chenye ufa ambao ilibidi nivae miwani niuone.

Alinisimulia. Mwisho wa Mei 2024 walikuwa wamefunga safari ya kwenda Duluth, kwenye ufuo wa ziwa Superior. Hilo ndilo ziwa la kwanza duniani kwa upana miongoni mwa yale ya maji baridi, na Viktoria letu ni la pili, kwa hivyo alikuwa amewaahidi watoto kuwaonyesha "ndugu mkubwa" wa ziwa letu. Watoto walikwisha kupanga nguo. Akajaza tangi, akawasha pampu, akangoja inyamaze kama inyamazavyo paipu zikijaa. Haikunyamaza. Iliendelea kunguruma, na alipofungua kabati chini ya sinki, maji yalikuwa yakibubujika sakafuni. Mbao za sakafu zilinywa maji zikavimba. Safari ikavunjika. Matengenezo yalikula zaidi ya dola 900 na nusu nzima ya likizo.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekuambia ili iweje, Baba?"

Miezi minne! Kila Jumapili tulikuwa tukizungumza, nami kila mara nilimuuliza habari za ile nyumba ya magurudumu, naye akinijibu kuwa iko sawa. Usiku huo nilijilaza nikitazama dari. Hasara ya pesa iliniuma, sikatai. Lililonikosesha usingizi hasa ni kwamba alimwacha jirani, mtu aliyeishi na baridi hiyo maisha yake yote, akanifuata mimi. Na nilipoharibu, akanifichia aibu yangu kama mtu anayemfunika mlevi shuka.

Asubuhi nilimwambia, "Baba, nilikupotosha. Naomba radhi. Na mwaka huu kazi hiyo tutaifanya pamoja, lakini wewe ndiwe utakayenielekeza."

Alitabasamu akasema, "Ulinifunza kazi, Baba. Baridi ya huku tu ndiyo hukuwa umekutana nayo." Kisha akaniletea kitabu cha maelezo cha trela. Nilikisoma usiku mbili, na pale Kiingereza kiliponishinda nilimwamsha.

Hebu sasa nikueleze, msomaji, kosa langu lilikuwa wapi, kwa maana hata wewe huenda ungelifanya. Vitu vingi vikipoa hujikunja. Maji nayo hujikunja yakipoa mpaka yafikie nyuzi 4 za selsiasi, kisha hugeuka kinyume. Yakiganda hupanuka, na lita 10 za maji hukaribia kuwa lita 11 za barafu. Kama umewahi kusahau chupa ya soda kwenye friza ukaikuta imepasuka, basi umeyaona haya kwa macho. Barafu hiyo haihitaji presha ya tangi wala ya pampu. Inajitengenezea presha yake yenyewe, na plastiki si chochote mbele yake. Shaba yenyewe hupasuka.

Na maji "mpaka tone la mwisho" hayapo. Ukifungua mifereji yote, maji ya kwenye paipu zilizoinama hushuka, lakini ndani ya pampu hubaki kikombe, kwenye koki ya choo vijiko viwili, mahali paipu ilipolegea katikati ikafanya tumbo hubaki mengine. Nyahururu maji hayo hayamdhuru mtu, yangekaa humo mwaka mzima. Minnesota vijiko viwili vinatosha kuvunja choo. Zile paipu za plastiki za kisasa, zinazopinda kama mpira, zenyewe huvumilia kidogo. Vinavyokufa kwanza ni viungo, koki, mifereji na pampu.

Tulichagua Jumamosi moja katikati ya Oktoba 2024. Baridi ilikuwa imeanza kubisha hodi, na asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, lakini ile yenyewe ya kuua ilikuwa bado. Matangi ya maji machafu yalikuwa yamekwisha kumwagwa wiki iliyotangulia tulipokuwa tukirudi kutoka kempi. Huko kuna mahali maalumu pa kumwagia uchafu huo, na kumwaga kwingine ni kosa la kisheria. Unaanza na tangi la choo, kisha unafungua la sinki ili maji yake ya sabuni yasuuze mpira. Kazi hiyo sina la kuisimulia zaidi, ila upepo uwe nyuma yako.

Usiku uliotangulia mwanangu alikuwa amezima hita, gesi na umeme vyote, ili maji yapoe. Hita hiyo hukaa ukutani, mlango wake uko nje, na hubeba lita 23 hivi. Alifungua kwanza mfereji wa maji moto ndani ili presha itoke, ndipo akanipa spana. "Simama kando, Baba," akaniambia. Niliposokota ile plagi maji yaliruka kwa nguvu yakileta changa nyeupe za chumvi. Kwenye plagi yenyewe kulikuwa na kifimbo cha magnesiamu kilicholiwa kikabaki kama kigunzi cha hindi kilichotafunwa na mbwa. Kifimbo hicho huwekwa makusudi ili maji yakile chenyewe yaache chuma cha tangi. Kikiisha, kinabadilishwa. Nilikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tukafungua koki mbili zilizo chini kabisa ya trela, moja ya maji moto na nyingine ya baridi, tukafungua na ya tangi kubwa, na kila mfereji wa ndani. Mwanangu akawasha pampu kwa sekunde chache iteme iliyokuwa nayo. Akatoa chujio la maji akalitupa. Maji yakapungua, yakadondoka, yakakoma.

"Mwaka jana niliishia hapa," akasema, bila ubaya wowote.

Sasa likaja jambo ambalo sikuwahi kufikiri nitaliona. Alileta kompresa ndogo, kama ile ya fundi wa pancha, akaiunganisha kwa kifaa cha shaba mahali ambapo mpira wa maji ya kempi huingizwa. Msomaji, miaka 31 ya kazi yangu nilipigana na hewa. Mteja akilia kuwa mfereji wake unakohoa bila kutoa maji, mimi ndiye niliyeitwa kuitoa hewa. Nimewahi kulowa chapachapa juu ya mapaa ya watu nikiifukuza. Leo nimekuja Marekani kusaidia kuiingiza! Kipimo aliweka pauni 40, zaidi kidogo ya ile ya gurudumu la gari dogo. Ukipandisha mno unavunja vile vile ulivyotaka kuokoa. Tulizifunga zile koki za chini na plagi ya hita, kisha tukafungua mfereji mmoja baada ya mwingine, moto kisha baridi. Kila mmoja ulikohoa, ukatema mate, ukapumua. Kutoka paipu nilizoapa kuwa ni kavu yalitoka maji ya kujaza karibu nusu ndoo. Nilipoyaona nilinyamaza.

Wapo wanaokomea kwenye hewa. Sisi tulioumwa na nyoka tulipita mbele. Dawa ya waridi huuzwa kwa mitungi ya galoni moja, yaani karibu lita nne, kwa dola chache tu. Usiichanganye na kulanti ya rejeta ya gari. Ile ya kijani ya magari kwa kawaida ni ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu inayoua mbwa na watoto, na haifai kamwe kuingia kwenye paipu za maji ya kunywa. Hii ya waridi ni propilini glaikoli, jamii ya dawa ambayo hutumiwa hata katika baadhi ya vyakula, ingawa sikushauri kuinywa. Inazuia barafu kushikamana ikawa jiwe. Soma karatasi ya mtungi kabla ya kulipa, usiangalie rangi peke yake.

Kabla ya kuipitisha, zungusha koki za nyuma ya hita ili dawa ipite pembeni, la sivyo utajaza lita 23 za bure. Kuna kijipaipu kwenye pampu unachokitumbukiza ndani ya mtungi. Pampu ikiwashwa, inavuta dawa badala ya maji ya tangi. Mjukuu wangu ndiye aliyepewa kazi ya kupiga kelele. Nilifungua mfereji wa jikoni, ulio karibu zaidi na pampu, yakatoka maji meupe, yakapauka, kisha akapaza sauti, "Waridi!" Nikafunga, nikafungua upande wa moto. "Waridi!" Sinki ya bafuni, bafu, choo tukakipiga mpaka nacho kikawa waridi. Kwenye kila tundu la kutolea maji machafu tukamimina kikombe, kwa sababu ule mpindo wa paipu chini ya sinki huweka maji daima ili harufu isipande. Mahali pa kuingizia mpira wa nje pana kizuizi kidogo chenye maji nyuma yake. Mwanangu alituliza presha, akabonyeza kwa kidole, akarushiwa waridi usoni. Tulicheka sote, na jirani aliyekuwa akikwangura majani uani kwake akanyoosha kidole gumba juu. Mzee yule hakuwahi kunikumbusha la mwaka uliopita. Aliuliza tu asubuhi ile kama tumenunua ile dawa.

Galoni mbili na nusu zilitumika. Tulifunga mlango wa trela tukaingia ndani kula.

Saa sita za usiku nikaamka ghafla, nikaketi kitandani.

Bafu la nje! Ubavuni mwa trela, nyuma ya kijilango kinachofanana na vijilango vingine vyote, mna mfereji mdogo wenye mpira, moto na baridi, ambao watoto huoshea miguu wakitoka ziwani. Hatukuugusa. Si kwa hewa, si kwa dawa. Nilichungulia dirishani, taa ya barabarani ikanionyesha vioo vya gari vimekuwa vyeupe. Redio ilikuwa imetangaza nyuzi 4 chini ya sufuri.

Nilijaribu kushuka ngazi kwa kunyata. Nilimkuta mwanangu jikoni, amevaa koti juu ya nguo za kulalia, anatafuta funguo za trela.

"Bafu la nje," akasema.

"Bafu la nje," nikamjibu.

Tulitoka. Ilikuwa baridi ya kukata masikio, na kimya kitupu. Yeye aliingia ndani kuwasha pampu na kutumbukiza kijipaipu ndani ya mtungi uliobaki, kisha akaja nje akapiga magoti mbele ya kile kijilango. Vidole vyake vilikuwa vikitetemeka, nami nikamshikia tochi. Alifungua upande wa baridi. Kwa muda hakikutoka kitu, moyo wangu ukadunda. Kisha yakatoka maji safi, meupe, yakatiririka majanini kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama saa nzima, ndipo yakapauka yakawa waridi. Upande wa moto vivyo hivyo. Bila neno alikung'uta mpira, akautundika, akafunga kijilango.

"Tochi umeishika juu mno," akaniambia tulipokuwa tukirudi. "Ulikuwa ukinigombeza kwa hilo."

Nilirudi Kenya mwezi wa Novemba. Januari 2025 alinipigia simu akaniambia kipimo kimeshuka zaidi ya nyuzi 20 chini ya sufuri na kwamba kope zinagandana mtu akitembea. Hakuna kati yetu aliyeitaja trela. Nilijua anaiona kila akitazama uani, nami huku nilikuwa nikiiona kila nikifungua mfereji.

Mwishoni mwa Aprili simu ikalia usiku. Huko kwake ilikuwa mchana. Alikuwa amesimama ndani ya trela. Aliniambia amekwisha kurudisha plagi ya hita na kuweka chujio jipya, na kwamba ataikosha dawa mpaka maji yawe safi, kisha aweke robo kikombe cha jiki kwa kila galoni 15 za tangi, ailaze usiku kucha na kuisuuza tena kabla mtoto yeyote hajakunywa. Hita asingeiwasha mpaka ijae, kwa maana ikiwashwa tupu chuma chake cha umeme huungua. Alijua kuwa yote hayo nayajua, na nilijua kwa nini anayasema polepole hivyo.

"Baba, sikiliza," akasema hatimaye.

Nilisikia pampu ikinguruma. Nikasikia hewa ikikohoa kwenye mifereji, ikatema mate, ikakohoa tena, kisha maji yakashuka kwenye sinki. Akaufunga mfereji. Pampu iliendelea kunguruma kidogo, nami nikazuia pumzi. Ikanyamaza.

"Na lile bafu la nje?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka nikalazimika kuisogeza simu mbali na sikio. "Hilo ndilo nililofungua kwanza."